Mlinzi wa Mkate Alitunzwa Vuhovi

Wiki iliyopita binti mmoja wa chuo alikuja kwangu hapa Butembo kupiga picha fishi zangu kwa simu. Fishi, kwa wasiojua, ni kale kakaratasi kagumu, ukubwa wa kiganja, ambako sisi tuliofanya kazi ya kukusanya maneno tuliandika neno moja tu: juu neno lenyewe, katikati maana yake, chini jina la mtu aliyelitoa. Alipiga picha vizuri, mkono hautetemeki. Lakini kila fishi aliishika kwa namna ambayo kidole gumba chake kilifunika pale chini. Nikamuuliza kwa nini anaficha jina. Akanijibu kwa heshima zote, "Papa, ile hapana ya lazima. Mimi niko natafuta neno tu."

Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi ndani na hasira ambayo hadi leo haijashuka. Ndiyo maana ninaandika. Wala si kwa ajili yake peke yake. Ninyi vijana wote mnaotuma maneno ya wazee katika simu zenu, leo mnatuma hili, kesho lile, "Kinande cha mababu," na chini yake hakuna mtu. Kama kwamba maneno yanaota kandokando ya barabara na kila apitaye anang'oa. Kaeni chini niwaambie jina moja linagharimu nini.

Mimi naitwa Kakule. Mnajua wenyewe jina hilo halisaidii kitu. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, mvulana wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na ukiita "Kambale" sokoni mstari mzima unageuka. Kwa hiyo kwenye fishi jina peke yake lilikuwa upuuzi. Tuliandika Kambale wa nani, wa kilima gani, juu au chini ya kijito, jirani na nani. Nilijivunia sana kazi hiyo. Mgeni yeyote angeweza kuchukua fishi yangu na kufika mlangoni kwa mtu bila kuuliza njia. Nilidhani hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na hapo ndipo nilipokosea, lakini tutafika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mcheki, mtu mrefu mwenye magoti mabovu, tuliyemwita Papa Otakari. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili ndani ya parcelle, yaani kiwanja, ya kanisa. Masanduku ya kijivu yalikuwa ya Kinande, kazi iliyotuleta pamoja. Lakini mezani kwake lilikaa sanduku moja la kijani lenye kufuli, na hilo lilikuwa lake mwenyewe: maneno ya Kicheki na ya Kiingereza cha kale, yale Waingereza waliyosema kabla hawajawa watu wa kutambia dunia. Alilianza akiwa mwanafunzi na hakuliacha maisha yake yote.

Siku za mvua, vilima vikiwa havipandiki, alilifungua akatusomea. Ndipo nilipojua kwamba lile neno lao la bwana mkubwa, lodi, la kuitia wakuu na hata Mungu, zamani lilikuwa hlafweard, yaani mlinzi wa mkate, na mke wake, ledi, alikuwa mkanda mkate, yule anayekanda unga. "Wakuu wote walianzia jikoni," alikuwa anasema, akicheka peke yake. Na roboti, hizi mashine mnazoziona kwenye filamu, limetoka kwao Ucheki, kwa neno robota, kazi ya shokoa ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo.

Alikuwa na sheria moja: fishi bila mtoaji ni wizi. Hakuisema kwa upole. Mwaka wangu wa kwanza nilirudi kutoka Kipese na rundo la fishi, na chini ya nyingi nilikuwa nimeandika "mzee mmoja." Alizisoma, akafungua dirisha, akazitupa zote uani kwenye matope. Nilizikusanya mvua ikininyeshea kichwani, nikapanda tena baiskeli hadi Kipese kuuliza wale wazee wanaitwaje. Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilimshukuru, na sasa nimerudi kumchukia kidogo. Sababu yake mtaisikia.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi kama mnavyodhani. Mtu aliyekaa kwenye kiti akikutazama hana maneno. Mpe kazi mikononi, apepete maharagwe au asuke kikapu, ndipo yatatoka. Usiulize mwenye njaa. Neno alilokupa kijana kwenye kasiksi, ile pombe ya ndizi, mpelekee bibi yake asubuhi kabla hujaliandika, maana mimi nimewahi kuandika maneno manne ya pombe ambayo hayakuwahi kuwepo duniani. Na mtumie kalamu ya risasi, si bic. Mvua yetu inafuta bic, risasi haiigusi.

Lakini somo kubwa nililipata Vuhovi, kwa Mama Kavira. Nilifika kwake na pakiti ya chumvi, kama tulivyozoea kuwapelekea watoaji. Alikuwa anasonga bugali. Akanipa neno moja zuri ajabu, neno la ule bugali unaofunikwa na kuwekwa pembeni kwa ajili ya mtu ambaye hajafika na haijulikani kama atafika. Silitaji hapa. Ni lake, nendeni mkamwombe. Nikaandika, nikamwekea chumvi yangu mezani. Akaisukuma.

"Chumvi itaisha," akasema. "Lakini neno hapana isha. Wewe unabeba kitu yenye hapana isha, unaniachia kitu ya siku mbili. Kikapu ya jirani unarudishaka tupu?"

Kwetu kikapu kilicholeta maharagwe hakirudi kitupu, hilo hata mtoto analijua. Nikapekua kichwa changu kutafuta kitu kisichoisha, nikakuta sanduku la kijani. Nikampa mlinzi wa mkate. Nilimweleza mkate kwao ni kama bugali kwetu. Aliacha mwiko akafikiri, kisha akasema kwamba kama bwana ni mlinzi wa bugali, basi wa kwake amelala lindoni miaka mingi. Mumewe, Papa Paluku, alikuwa pale pale mlangoni akinoa jembe. Tangu siku hiyo kilima kizima kilimwita hlafweard, kila mmoja kwa matamshi yake.

Papa Otakari aliposikia alifurahi mpaka akapiga meza. Ikawa ndiyo namna yetu ya kufanya kazi, neno kwa neno. Nyuma ya kila fishi ya kijivu tuliandika, "alipewa," kisha neno la Kicheki au la Kiingereza cha kale aliloachiwa mtoaji. Huko Kipese, mkulima mmoja wa pireta, maua ya dawa ya wadudu, Papa Kasereka, nilimpa jina la zamani la ua linalofanana na maua yake, jicho la mchana, kwa sababu hufumbuka jua likitoka. Baba yake nilimpa robota. Huyo mzee alikuwa amelima barabara ya Wabelgiji chini ya fimbo. Aliuliza mara tatu kama ni kweli na wazungu walilimishwa hivyo, halafu akasema wao angalau walikuwa na neno lao wenyewe la kulitaja jambo hilo.

Oicha, pembezoni mwa msitu, alikaa Papa Katembo mrina asali. Yeye nilimpa mnyama wa Ulaya ambaye sisi hatuna, mkubwa, mwenye manyoya, anayeua mtu. Wacheki wanamwita medvěd, mla asali, na Waingereza wa kale walimwita wa rangi ya udongo, kwa sababu wote wawili waliogopa kutaja jina lake halisi, asije akaitika. Papa Katembo hakushangaa hata kidogo. Alisema chenye kuua hakitajwi, na kwamba hata chui kwao porini ana majina ya kumzungukia.

Kisha vita vikaja, na sisi sote tukawa watu wa Papa Katembo. Hatukutaja tena jina la mtu yeyote mwenye bunduki. Tulisema "bale," yaani wale tu. Bale bamefika, bale bameondoka, bale bengine bamekuja. Walibadilishana mji wetu wao kwa wao na kila kundi lilituambia limekuja kutukomboa. Siku moja obusi, kombora la mzinga, ilianguka nyuma ya soko, nikakumbuka fishi ya Papa Otakari. Neno obus Wafaransa walilipata kwa Wajerumani, na Wajerumani kwa Wacheki, houfnice, na houf ni kundi la watu. Chombo cha kupigia watu waliokusanyika. Angalau aliyekipa jina hakudanganya, hakukiita mkombozi.

Wageni waliondolewa kwa kandege kadogo. Kiwanjani Papa Otakari alinishika mkono akaniambia, kama nitaweza kuokoa kitu kimoja tu, niokoe la kijani. Nikamwahidi. Akanipa ufunguo. Sitaki mseme kwamba sikuahidi.

Miezi michache baadaye commandant mmoja alikuja ofisini asubuhi na watu wanne. Akakaa kwenye kiti cha Papa Otakari bila kukaribishwa, akaweka bunduki juu ya fishi nilizokuwa ninapanga. Alisema amesikia mzungu aliacha sanduku lenye majina ya watu wa vilimani, na kwamba huko vilimani kuna watu wanalisha adui. Alizungumza polepole, bila kelele.

"Papa, niko nataka majina na mahali banalala," akasema. "Ile sanduku iko wapi?"

Vijana, hapo nilielewa kazi yangu ya miaka yote. Kambale wa nani, kilima gani, juu au chini ya kijito, jirani na nani. Nilikuwa nimewachorea njia. Masanduku ya kijivu yalikuwa chumba cha nyuma chini ya magunia ya maharagwe, na ndani yake alikuwamo Mama Kavira, na Papa Kasereka na baba yake, na mrina asali wa Oicha, kila mmoja na mlango wake. La kijani lilikuwa mezani, mbele ya macho yake, na kufuli.

Nikamwambia, "Sanduku ya muzungu ni hii. Ufunguo aliniachia mimi."

Hakuna neno la uongo hapo. Alifungua, akatoa fishi, akaona herufi zenye vijimkia juu, akaona houfnice na medvěd na hlafweard, na uso wake ukang'aa. Alimwambia mwenzake kwamba majina yameandikwa kwa mafumbo na kwamba watampata mtu wa kuyafumbua. Wakalibeba. Niliwaangalia wakishuka nalo hadi kona, na nilijua nimeuza maisha ya mtu aliyenifundisha. Nilikaa nikalia. Sioni aibu kuliandika.

Waliniita mara mbili niwafumbulie. Niliwafumbulia kweli tupu: mla asali, jicho la mchana, mkanda mkate. Mara ya pili commandant aliwaambia askari wake wanirudishe nyumbani, kwa sababu huyu mzee vita vimemharibu kichwa. Masanduku ya kijivu yalikuwa tayari Vuhovi, chini ya kitanda cha Mama Kavira, yamefika huko katika vikapu vya maharagwe kichwani kwa akina mama wa kanisa. Hakuna hata mtu mmoja wa fishi zangu aliyefuatwa kwa sababu ya fishi yangu. Vita viliwachukua wengine kwa njia zake, lakini si kwa mkono wangu.

Na la kijani? Siku moja barierani, kwenye kizuizi cha askari njia ya kwenda Beni, nilinunua karanga. Nilipoufungua mfuko niliona mwandiko wa Papa Otakari. Ledi, mkanda mkate, amefungia karanga! Nilirudi kwa mwenye karanga nikanunua tena, na tena, nikala karanga hadi tumbo likavimba, nikapata fishi kumi na moja. Nyingine zote zilikwisha kuwa mwali wa kuwashia makaa ya askari.

Njia zilipofunguka kidogo nilimwandikia Papa Otakari habari yote. Barua aliyonijibu sikumsomea hata mke wangu. Aliniita mtu asiye na ahadi. Alisema ningeweza kuwapa yale mengine ya kijivu, maana Kinande kipo midomoni mwa watu na kingekusanywa upya, lakini yeye hana tena miaka ya kuanza. Hakuuliza watu wa fishi za kijivu wako hai au la. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka kwenye Biblia ili nisiichane.

Lakini deni la ahadi ni deni, na sikutaka kufa nalo. Nikakumbuka migongo ya fishi za kijivu. Alipewa, alipewa, alipewa. Karibu kila neno la sanduku la kijani lilikuwa limekwisha kupandishwa vilimani na kuachwa nyumbani kwa mtu. Nikachukua baiskeli. Sasa nilikwenda kuwaomba Wanande Kicheki.

Na walikuwa nacho! Papa Katembo alikuwa amekimbia msituni mara tatu, amepoteza mizinga yote, lakini mla asali alikuwa naye. Aliniambia alikuwa akiwasimulia wajukuu pale mafichoni ili wanyamaze. Kipese yule mzee wa robota alikuwa amekufa, mwanawe akanitolea mawili, lake na la baba yake. Wengine walichanganya, wengine walikosa herufi, nami nikawauliza watatu watatu kama nilivyofundishwa. Mama Kavira alikuwa wa mwisho. Papa Paluku wake hakurudi kutoka shambani mwaka wa pili wa vita. Nilipomuuliza neno langu, alilitamka hlafweard bila kukosea, kisha akasema jioni bado anafunika bugali wa mlinzi wake pembeni.

Niliandika fishi mpya, kalamu ya risasi, juu neno, katikati maana, chini: limetunzwa na Kavira, mke wa Paluku, Vuhovi, juu ya kijito. Sikuogopa tena kuandika mlango. Nilimpa mchungaji aliyekuwa anasafiri Ulaya ampelekee Papa Otakari, rundo la unene wa tofali.

Miaka ikapita, kitabu kikaja. Kizuri, jalada la kijani, jina la Papa Otakari kwa herufi za dhahabu: maneno ya Kicheki na ya Kiingereza cha kale, maana zake na chimbuko lake. Nilikishika kama mtu anayeshika mtoto wa kwanza. Mwanzoni anamshukuru mke wake, walimu wake, na kumbukumbu yake mwenyewe ambayo, anasema, ilimrudishia yaliyopotea vitani. Nilikipekua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho. Katembo hayumo. Kasereka hayumo. Kavira hayumo. Nilimwandikia kuuliza. Alinijibu kwa mistari mitatu, kwamba majina yale yangewachanganya wasomaji.

Yeye! Aliyetupa fishi zangu matopeni kwa sababu ya "mzee mmoja"! Commandant aliyataka majina yale ili awaue watu, na mwalimu wangu akayafuta ili kitabu kisomeke vizuri, na sijui hata leo nimkasirikie nani zaidi. Amekwisha kufa, Mungu amlaze mahali pema, lakini hasira yangu haikuzikwa naye. Yote niliyonayo alinipa yeye, na sheria ile ilikuwa ya kweli hata kama mwenyewe aliivunja.

Nikachukua bic, kwa sababu karatasi ile ya kung'aa haishiki kalamu ya risasi, nikapitia kitabu chote nikiandika pembeni ya kila neno jina la aliyelitunza na kilima chake. Kisha nikakipeleka Vuhovi. Mama Kavira sasa ni mzee sana, hasomi, lakini macho yake bado yanaona. Alipangusa mikono akakipokea.

"Neno yangu iko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. "Na jina yangu?" Nikamwonyesha mwandiko wangu pembeni. Alipitisha kidole juu ya lile la kitabu, polepole, kisha juu ya la kwangu. Alirudi tena jaladani, kwenye dhahabu, akarudi pale.

"Kakule," akasema, "jina ya muzungu iliandikwa na mashini. Ya kwangu, sababu ya nini iko ya bic?"

Mimi mashini siijui. Binti yangu wa chuo, wewe unayeijua, rudi na simu yako, chai ipo. Ila safari hii kidole gumba chako kikae pembeni.